Maji Kutoka Picha ya Ndege

Maji ya kuoshea mchele Mwanaasha Kondo hakuyamwaga. Aliyakinga kwenye beseni, akaoshea sahani mbili na kikombe, kisha akayachuja kwa kitambaa akawapa kuku, na yale mazito yaliyobaki chini akayapeleka kwenye shina la mpapai. Kupiga mswaki, mafunda mawili. Kuoga, makopo matatu: la kwanza la kujilowesha, la pili la kutoa sabuni, la tatu la kumalizia, naye alisimama ndani ya karai ili yaliyoshuka mwilini yapate kufulia kanga. Udhu aliuchukulia juu ya tuta la mchicha, na mchicha ule ulinawiri kwa nyakati tano za sala.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, mjane, mkulima wa mihogo katika kitongoji cha Mitondooni, kata ya Mzenga, wilaya ya Kisarawe. Ndoo moja ya lita ishirini ilimtosha kutwa nzima. Hakuwa bahili. Kisima kilikuwa mwendo wa saa nzima kwenda, na kurudi zaidi kidogo kwa sababu ya mzigo, na maji yake yalikuwa meupe kama tui la pili, kwa udongo wa huko. Kiangazi kikikaza, mtu alikaa ukingoni akayangojea yachuruzike, akayachota kwa kata kama anayemlisha mgonjwa.

Jumanne moja ya mwezi wa Septemba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mwanaasha alifunua pipa la bluu lililokuwa nyuma ya jiko. Pipa lile halikuwa na kitu tangu mvua za masika zilipokatika. Alikuwa akiliangalia tu kama lingefaa kuwekea mahindi. Lilikuwa limejaa maji mpaka ukingoni.

Alitazama juu. Hakukuwa na wingu. Alitazama chini, hakuona nyayo wala alama ya tairi. Alitia mkono hadi kiwiko, akaviona vidole vyake vyote vitano pamoja na namba zilizopigwa chapa kwenye sakafu ya pipa. Maji yalinukia dawa, kama yanavyonukia ya mjini. Akasema bismillahi, akanywa. Kisha akafunika na kwenda kwa jirani yake Tunu, aliyekuwa akifagia uwanja.

"Pipa langu limejaa maji," alisema.

"Limejaa lote?"

"Lote."

Tunu aliegemeza ufagio ukutani. "Basi ngoja nichukue ndoo."

Mitondooni ilikuwa na nyumba kumi, na pipa lilikuwa la lita mia mbili, kwa hiyo hesabu haikumsumbua mtu: ndoo moja kila nyumba. Ilipofika adhuhuri pipa lilikuwa tupu. Jumatano alfajiri watu walikwenda kutazama. Walisimama kwa kulizunguka, kumi na watano hivi, na mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Matano, akaondoa kifuniko. Kulipopambazuka, maji yalianza kupanda kutoka chini ya pipa. Hayakububujika wala hayakupiga kelele. Yaliinuka taratibu, kama mtu anavyonyanyuka kutoka kwenye sijda, yakafika ukingoni, yakatulia. Hapakusikika hata jogoo. Mzee Matano alivua kofia yake akaishika kifuani, na aliyekuwa amebeba mtoto akamgeuza ili naye aone.

Tangu hapo yalikuja kila alfajiri. Aliyefurahi kuliko wote ni Tunu, kwa ajili ya binti yake Kudra, mwenye mimba ya miezi mitano, ambaye hadi Jumatatu ile alikuwa akienda kisimani mara mbili kwa siku. Sasa Kudra aliketi barazani akisuka ukili, miguu yake ikaanza kurudi katika ukubwa wake. Watu walimsihi Mwanaasha achukue ndoo mbili, maadamu pipa ni lake. Alijaribu siku moja. Ndoo ya pili ilishinda hapo hadi jioni, akaipeleka kwa Tunu.

Maji hayakuja peke yake. Siku nyingine yalikuja na povu la sabuni, akalikumba kwa kata. Yalikuja na punje za wali, na kifuniko cha dawa ya meno, na nywele ndefu ambayo haikuwa ya mtu yeyote wa Mitondooni. Siku ya ishirini na tatu kilielea kitambulisho cha kazi, kimefunikwa kwa plastiki, kina picha ya mwanamke mnene wa uso mwenye miwani, jina lake Juliana Rwegasira, na nyuma yake namba ya simu ya kupigiwa kikipotea.

Mwanaasha alipanda kwenye kichuguu ambako mtandao ulikuwa ukipatikana, akapiga.

"Halo. Shikamoo mama," ilisema sauti ya upande wa pili, baada ya kumsikia akikohoa.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Juliana?"

"Ndiye mimi."

"Kitambulisho chako cha kazi kiko kwangu, Mitondooni. Mzenga huku. Kimekuja kwenye maji."

"Nilikisahau mfukoni mwa gauni Jumamosi nilipofua," alisema. "Basi ndivyo kilivyokwenda. Mama, usihangaike, nitamtuma mtu wa bodaboda aje akichukue."

"Nitakileta mwenyewe. Nataka niyaone yanakotoka."

Alitoka asubuhi ya Jumamosi. Alipanda pikipiki mpaka Mzenga, akapata gari la kwenda Mlandizi, na Mlandizi akashika lami kuelekea Kibaha. Aliteremka kituo cha Picha ya Ndege jua likiwa bado halijakaza. Juliana alikuwa anamngojea barabarani, na Mwanaasha alimtambua kwa miwani. Walishika njia ya vumbi katikati ya nyumba zenye kuta na mageti, wakaingia kwenye moja yenye geti la kijani.

Juliana alikuwa mwenyeji wa Bukoba. Alikuwa amehamia Kibaha miaka sita iliyopita kwa kazi ya ofisini, na mumewe, Lusajo, mtu wa Tukuyu, alikuwa akienda Dar es Salaam kila siku na kurudi. Siku hiyo Lusajo alikuwa nyumbani. Alikuwa bafuni akinyoa ndevu, na muda wote alipokuwa akinyoa, na alipokuwa akiongea na simu akiwa na povu nusu ya uso, maji yalikuwa yakimwagika kwenye sinki. Mwanaasha aliyasikia kutoka sebuleni alipokuwa akikaribishwa chai. Alishindwa kufuata mazungumzo. Kwake ile ilikuwa sauti ya ndoo moja, kisha ya pili, kisha ya tatu.

"Nionyeshe," alisema, baada ya kumkabidhi Juliana kitambulisho chake.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na bomba la kufulia. Koki yake ilikuwa imekufa tangu mwanzo wa Septemba, Juliana alieleza. Ukiifunga haifungi. Fundi alikuwa ameahidi kuja wiki ile, na wiki iliyotangulia, na ile ya kabla yake. Maji yalitoka kwa unene wa kidole, yakajaza ndoo iliyokuwa chini, yakafurika, yakashika mfereji mdogo kwenye saruji, na hapo yakaungana na yale ya sinki yaliyotoka kwenye bomba la ukutani. Yakaenda pamoja mpaka pembe ya uzio. Pembeni pale udongo ulikuwa mkavu. Palikuwa na tundu dogo, upana wa pete, na maji yote yaliingia humo bila kuacha tope.

Mwanaasha alikunja kanga yake, akapiga magoti, akaweka sikio.

"Tunu anaita kuku," alisema.

Juliana naye alivua miwani, akapiga magoti upande wa pili, akainamisha kichwa. Alisikia maji yakishuka mbali, mbali sana, kama mvua inayonyesha katika wilaya nyingine. Chini yake akamsikia mwanamke akiita kuku, na mlango ukigonga, na mwanamume mtu mzima akikohoa mara mbili.

"Nani huyo anayekohoa?"

"Mzee Matano. Mwenyekiti wetu."

"Apewe asali."

"Anapewa. Hasikii dawa."

Walibaki pale chini, vichwa vyao vikikaribia kugusana. "Nilijua yanapotea," alisema Juliana. "Sikujua yanapotea kuelekea wapi."

Walipoinuka, alijipangusa magoti akasema hapo basi jambo limekuwa jepesi. Koki ataiacha vilevile. Fundi hata akija atamrudisha. Mwanaasha alikuwa akiitazama ile ndoo inavyofurika, maji safi yakipita juu ya maji safi. Alimfikiria Kudra na miguu yake. Alifikiria nyumba tisa.

"Kila asubuhi nikifunua pipa," alisema, "naomba, Mola wangu, haya maji yasikatike. Kumbe siku zote hizo nakuombea koki yako isipone. Dua gani hiyo, mwanangu? Nyumba tisa zinakunywa kwa sababu wewe huna habari. Na siku ukipata habari?"

"Nimeshapata. Ndiyo maana nasema nitaiacha."

"Sasa utakuwa unayamwaga kwa makusudi. Mimi nimefundishwa kuwa hata ukiwa ukingoni mwa mto, usitumie zaidi ya haja yako. Siwezi kurudi nyumbani nikamwambia Mungu, huyu nimemwachia." Alivuta pumzi. "Ifunge."

Fundi, kijana aliyeitwa Khalfani, alikaa mtaa wa pili. Alipoambiwa kwamba mama ametoka Mzenga kwa ajili ya koki, alikuja palepale. Alibadilisha mpira, kazi iliyomchukua muda wa kumenya chungwa. Maji yalikoma. Pembeni mwa uzio, lile tundu lilijifumba polepole kama jicho la mtu anayesinzia.

Mwanaasha alifika Mitondooni jua linakuchwa na akawaeleza wote, kwa sababu hakuona njia ya kutowaeleza. Mzee Matano alisema hakuna neno, maji ya mtu ni ya mtu, na isitoshe kitongoji kimo kwenye orodha ya mradi wa bomba, mwaka wa nane sasa. Bomba kubwa lilikuwa limekwisha fika barabara ya kata. Kilichobaki ni kulivuta, na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba orodha inafuatwa. Wengine waliguna. Tunu ndiye aliyesema.

"Umekwenda mjini kutuzibia maji?"

"Nimekwenda kurudisha kitambulisho."

"Kitambulisho kimoja," Tunu alisema, "kwa nyumba tisa."

Kuanzia siku hiyo Tunu hakumsalimu. Walikuwa wamesalimiana kila siku kwa miaka thelathini, hata katika misiba, hata katika ule ugomvi wa mpaka wa shamba, na Mitondooni jambo hilo lilihesabiwa kuwa zito kuliko pipa tupu. Kudra alirudi kisimani. Siku ya sita aliteleza kwenye ule ukingo mweupe, akaangukia mkono wake, wakambeba kumpeleka zahanati. Mtoto alikuwa salama. Muuguzi alimwambia Kudra alale asiinuke, asibebe hata sufuria.

Jioni ile Mwanaasha alimimina nusu ya ndoo yake kwenye ndoo ya Tunu, iliyokuwa mlangoni, akaondoka bila kubisha hodi. Alifanya hivyo kila siku. Yeye alibaki na lita kumi. Akaoga kopo moja. Mpapai uliacha kupata, na jani la chini likageuka manjano. Hakujuta, lakini kila alipochukua udhu alijikuta ameshikilia kopo hewani, anayatazama maji kabla ya kuyaacha yaanguke, na machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa. Hayo hakuwa na namna ya kuyakinga.

Kibaha nako Juliana hakuweza tena kuoga. Alisimama chini ya bomba la mvua, akafungua, na kila tone lililogonga sakafu lilimgonga yeye. Siku ya kumi aliweka ndoo chini ya lile bomba ili ajue. Kwa muda ambao kwa kawaida huoga, ndoo tatu zilijaa. Akakumbuka bweni la shule ya sekondari, ambako alikuwa akioga kwa nusu ndoo na kutoka akiwa safi, na akacheka peke yake kwa aibu. Akaoga kwa moja. Zile mbili nyingine, ambazo zilikuwa haki yake ya kila siku na leo hakuzitumia, alizisogeza pembeni mwa bafu, bila kujua za nini. Aliona tu haifai kuzirudisha chini ya ardhi.

Asubuhi yake ndoo mbili zilikuwa tupu. Hazikumwagika, sakafu ilikuwa kavu. Ndani yake zilikuwa kavu pia, na zilinukia vumbi la njia ya mbali.

Alfajiri hiyohiyo Mwanaasha alisikia pipa likinguruma kidogo, kama tumbo. Alifunua. Maji yalikuwa ya lita arobaini, akayapima. Hayakuwa na povu wala unywele. Yalikuwa baridi, yametulia, na angavu kiasi kwamba kwa kitambo alidhani pipa ni tupu, mpaka alipouona uso wake mwenyewe ukimtazama kutoka chini. Alipanda kichuguu hata kabla ya kunywa.

"Mwanangu, umeifungua tena ile koki?"

"Sijaifungua, mama," alisema Juliana. "Nimejinyima."

Mwanaasha alikaa chini pale juu ya kichuguu. Kutoka pale aliziona nyumba zote kumi, na moshi wa moto wa asubuhi, na Mzee Matano akielekea kwenye mihogo. Alisema asante mara moja tu, kwa sauti ndogo, na upande wa pili Juliana alikuwa analia.

Ndoo hizo mbili Mwanaasha alizipeleka kwa Kudra.

Ndivyo ikawa. Kilichomwagika kwa kutojali hakikufika tena. Kilichofika ni kile tu ambacho mtu alikuwa na uwezo wa kukitumia, akakiacha, akakitenga kwa mkono wake. Juliana alijaribu kuudanganya utaratibu huo mara moja, akajaza ndoo nne za ziada moja kwa moja kutoka bombani. Asubuhi zilikuwa palepale, zimejaa, nzi amefia katika mojawapo. Alielewa. Alianza kuoshea vyombo kwenye beseni badala ya maji yanayokimbia. Aliacha kupiga deki kila siku. Alikinga maji ya kwanza ya kuoshea mboga akamwagilia maua, na ya maua akayatenga. Kila jioni alipanga ndoo zake pembeni mwa bafu kama mtu anayeandaa meza ya wageni.

Lusajo aliziruka ndoo zile kwa majuma mawili bila kusema neno. Juma la tatu, asubuhi moja akiwa na povu usoni, alinyoosha mkono akafunga bomba. Aliingiza wembe kwenye kikombe cha maji, akamaliza kunyoa kwa kikombe hicho, kisha akachukua jagi, akalijaza kwa kiasi alichoona ameokoa, na kulisogeza karibu na ndoo za mkewe. Hakumwambia mtu.

Maji ya Lusajo hayakwenda kwenye pipa. Yalitokea barazani kwa Tunu, ndani ya sufuria aliyokuwa ameifudikiza jana yake, na ambayo asubuhi aliikuta imekaa sawasawa na imejaa nusu. Tunu aliyaonja. Yalikuwa matamu. Alikaa nayo magotini muda mrefu. Kisha akainuka, akayapeleka na sufuria yake mpaka uwanjani kwa Mwanaasha, aliyekuwa akipepeta mchele.

"Hujambo, Mwanaasha?" alisema Tunu.

"Sijambo, shoga. Karibu."

Zilikuwa zimepita siku thelathini na moja. Tunu aliketi kwenye kigoda. "Haya nimeletewa mimi," alisema, akionyesha sufuria. "Mtu ambaye simjui amejinyima kwa ajili yangu, na mimi nimekununia wewe kwa sababu ya koki."

"Uliniona nikimimina kwenye ndoo yako?"

"Kila jioni. Nilikuwa nyuma ya mlango." Tunu alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Nilikuwa nashindwa kutoka."

Wakanywa yale maji kwa kupokezana sufuria, mpaka yakaisha.

Juliana aliwaeleza majirani zake wa Picha ya Ndege kwa namna ileile ambayo angewaeleza kuhusu kikundi cha kufa na kuzikana. Hakuna aliyebisha. Mwalimu wa nyumba ya mbele alisema amekuwa akijiuliza kwa nini ndoo yake ya akiba hukauka. Mwanamke mwenye saluni alianza kuwaosha wateja kwa kopo. Bwana mmoja aliyekuwa akiosha gari kwa mpira kila Jumapili aliliosha kwa ndoo moja na kitambaa, akatenga ndoo saba, na Jumatatu yake Mitondooni iliamka na kuikuta karai ya kila nyumba imejaa. Ilipofika Desemba, hakukuwa na nyumba kati ya zile kumi isiyopokea. Kila maji yalikuwa na tabia ya mtu aliyeyaacha, na watu walijifunza kuyatofautisha. Ya mwalimu yalikuwa mazito kidogo na ya kusuuza vizuri. Ya mwenye saluni yalikuwa mepesi, watoto waliyapenda.

Kudra alijifungua mwanzoni mwa Januari, mtoto wa kike, saa nne asubuhi. Maji ya kumwogesha mara ya kwanza yalichotwa kutoka vyombo vyote kumi, kopo moja moja, kwa rai ya Tunu. Wanawake waliokuwamo chumbani walisimulia kwamba maji yalipokutana katika beseni yalitoa mwanga, si mkali, kama wa asubuhi kupitia makuti, na kwamba mtoto aliacha kulia akafumbua macho, akatazama upande wa Kibaha. Mwanaasha ndiye aliyemwosha. Mikono yake ilikuwa imezoea makopo matatu. Alitumia mawili.

Februari alikuja afisa wa mradi wa bomba. Jina lake Bernard, kijana mwenye adabu, amevaa buti na amebeba kishikwambi cha kujazia fomu. Alikuwa anapita vitongoji vyote vilivyo kwenye orodha ili kuhakiki mahitaji. Mzee Matano alimpokea akiwa na kofia yake nzuri na akampitisha nyumba kwa nyumba. Bernard alifunua vyombo. Alichovya karatasi yake ya kupimia, akaiinua juani, akaitazama, akaandika.

"Maji yenu ni mazuri sana," alisema. "Yametiwa dawa kwa kipimo sahihi. Ni bora kuliko ya pale ninapokaa."

"Hayo ni ya watu wa Picha ya Ndege," alisema Mwanaasha. "Wanajinyima, yanakuja huku."

"Najua, mama. Nimesikia njiani." Alionekana kusikitika kwa dhati. "Lakini fomu haiulizi yanatoka wapi. Inauliza kama yapo, kama ni safi, na kama mtu hatembei zaidi ya nusu saa kuyafuata. Yapo, ni safi, na hamtembei."

Mzee Matano alielewa kabla ya wengine. Alimshika Mwanaasha kiwiko, akamvuta kando. "Mwambie hakuna," alinong'ona. "Mwambie yale ya leo tumeyaazima. Tumengoja miaka minane."

Mwanaasha alimtazama yule kijana, kisha akaitazama karai iliyokuwa mbele yake, yenye maji ambayo mtu fulani alikuwa ameyaacha jana akiwa na kiu ya kuyatumia. "Siwezi kuyakana mbele yake," alisema. "Yanasikia."

Alirudi kwa Bernard. "Andika yapo. Lakini andika na hili. Wale wanatupa cha kwao. Chetu sisi kiko kwenye bomba lililosimama pale barabara ya kata. Andika kwamba cha kwao si badala ya chetu."

Bernard alitafuta mahali pa kuandika hayo. Alipandisha fomu kwa kidole, akaishusha, akaipandisha tena. Hapakuwa na nafasi hiyo. Aliomba radhi. Palepale mbele yao aligusa kioo, na jina la Mitondooni likahama kutoka safu ya vitongoji vinavyongoja kwenda safu ya vitongoji vyenye huduma. Alipewa maji ya kunywa. Aliyanywa yote hadi tone la mwisho, akakaa na bilauri mkononi kwa muda bila kuona pa kuiweka, kisha akaaga.

Mwanaasha alimpigia Juliana akamweleza.

"Kwa hiyo sisi ndio tuliowaponza," alisema Juliana. "Tuache, mama?"

"Wewe ukiacha utakuwa umefanya nini? Utarudi kuyamwaga?"

"Sitaweza tena."

"Basi endelea, mwanangu. Na mimi kesho nakwenda wilayani na Mzee Matano."

Walikwenda Kisarawe mjini, wakaketi kwenye benchi, wakaambiwa uhakiki ulikwisha fungwa na mwingine utakuwa baada ya miaka mitano. Walikwenda tena mwezi uliofuata. Benchi lilikuwa lilelile na jibu lilikuwa lilelile, isipokuwa miaka mitano sasa ilihesabiwa kuanzia Julai.

Jioni ya siku ile aliyotoka Mitondooni, Bernard alioga nyumbani kwake alikopanga, Kibaha, mtaa wa Tanita. Alikuwa amejaa vumbi la njia nzima. Alifungua bomba, akajilowesha, akajipaka sabuni, na katikati mkono wake ulikwenda wenyewe ukafunga. Alisimama na povu lake katika ukimya huo. Alimalizia kwa kopo, kisha akajaza sufuria pekee aliyokuwa nayo akaiweka chini ya dirisha.

Asubuhi yake maji hayo yalikuwa yamefika Mitondooni. Mwanaasha aliyakuta ndani ya kinu, ambacho hakikuwahi kupokea maji kabla ya hapo, lita nne na robo, yanayumbayumba kana kwamba yametembea kwa miguu na hayakuwa na hakika na mlango. Hakuyajua. Aliyaonja, akayaonja tena, akamwita Tunu naye ayaonje, na Tunu alisema ni ya mtu mgeni, kijana, ana jambo linalomkaa. Waliyaacha kwanza yatulie. Baadaye Mwanaasha aliyachota taratibu, akayagawa, na yaliyobaki chini ya kinu akayapeleka kwenye mpapai.